Kuona kwa Macho ya Wengi: Kwa Nini Wataalamu wa Hadubini Hukutana

Katika mataifa mengi duniani wataalamu wa hadubini na taswira za kisayansi hufanya mkutano wao wa kitaifa, ama kila mwaka, ama kila baada ya miaka michache. Huko hukutana madaktari, wanabiolojia, wanafizikia, wahandisi na wataalamu wa maabara. Hutoa mada, hubandika mabango ya utafiti wao ukutani, na huonyeshana picha za vitu vidogo kiasi kwamba jicho la mwanadamu peke yake haliwezi kuviona. Habari za mikutano hiyo hupita bila kishindo, na wengi wetu hudhani kwamba hazituhusu. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwamba zinatuhusu, tena kwa karibu sana.

Tumfikirie mama anayekwenda zahanati akiwa na kikohozi kilichodumu wiki tatu. Anatoa makohozi, yanapelekwa maabara, na baadaye anaambiwa kwamba vimelea vya kifua kikuu vimeonekana. Yeye mwenyewe hakuviona. Mumewe hakuviona, wala jirani zake katika jumuiya ndogo ndogo hawakuviona. Hata hivyo anaombwa ameze dawa kwa muda wa miezi sita, kwa sababu ya kitu alichokiona mtu mwingine kupitia kioo. Je, ana msingi gani wa kuamini?

Jibu si kwamba mashine haikosei, wala si kwamba mtaalamu aliyevaa koti jeupe hawezi kudanganyika. Msingi wake ni huu: kwa muda wa miaka mia nne, watu waliotazama kupitia chombo hicho wamejiwekea desturi ya kuwaita wenzao nao watazame, wapinge, wasahihishe, na hatimaye wakubaliane. Mkutano wa kisayansi ni mahali ambapo desturi hiyo hutendeka hadharani. Tuone basi jinsi ilivyoanza, ilivyozaa matunda, na hatari inayotokea pale inapoachwa.

Chombo na jina lake

Kiswahili sanifu kinatofautisha darubini, chombo cha kutazamia vitu vilivyo mbali, na hadubini, chombo cha kukuzia vitu vidogo, ingawa watu wengi husema darubini kwa vyote viwili. Jina ambalo hadubini inalo katika lugha nyingi za Ulaya lilitolewa mjini Roma mwaka 1625 na daktari Giovanni Faber. Yeye alikuwa mwanachama wa Accademia dei Lincei, chama cha wanazuoni kilichoanzishwa mwaka 1603 na kijana Federico Cesi, aliyekuwa na umri wa miaka 18 tu. Galileo Galilei, aliyejiunga na chama hicho mwaka 1611, alikuwa amempelekea Cesi chombo cha namna hiyo mwaka 1624.

Mwaka huohuo wa 1625, Cesi na mwenzake Francesco Stelluti walichapisha picha kubwa ya nyuki waliokuzwa kwa hadubini, wakaitabarukia kwa Papa Urbano VIII, ambaye ngao ya ukoo wake wa Barberini ilikuwa na nyuki watatu. Picha hiyo huhesabiwa kuwa miongoni mwa za kwanza kabisa kuchapishwa kutokana na hadubini. Hapa tuzingatie jambo moja: tangu mwanzo, picha hizi zilikuwa kazi ya kundi. Mmoja alitengeneza chombo, mwingine alitazama, mwingine alitoa jina, na wote wakachapisha ili walio mbali nao waone. Kwa waamini Wakatoliki inafaa kukumbuka pia kwamba Taasisi ya Kipapa ya Sayansi, iliyoundwa upya na Papa Pio XI mwaka 1936, inahesabu asili yake katika chama hicho cha Cesi.

Zaidi ya karne mbili baadaye, tarehe 3 Septemba 1839, watu 17 walikutana katika nyumba moja mjini London, wakaanzisha chama cha wataalamu wa hadubini ambacho kingali hai hadi leo. Mojawapo ya mambo ya kwanza waliyokubaliana linaweza kuonekana dogo mno, nalo ni ukubwa wa kipande cha kioo kinachowekwa chini ya hadubini. Waliafiki inchi 3 kwa inchi 1. Kabla ya hapo kila fundi alikuwa na kipimo chake, na kioo kilichoandaliwa na mmoja hakikukaa sawasawa kwenye chombo cha mwingine. Baada ya hapo, kilichoandaliwa mji mmoja kiliweza kutazamwa katika mji mwingine. Kioo ambacho tone la damu yetu hupakwa leo tunapopimwa malaria bado kina kipimo hichohicho. Ndiyo kusema, makubaliano ya mkutano wa miaka mingi iliyopita yamefika hadi kwenye meza ya zahanati zetu.

Usiku wa Berlin, 1882

Tarehe 24 Machi 1882, daktari Robert Koch alisimama mbele ya Chama cha Fiziolojia cha Berlin kutangaza kwamba amegundua kimelea kinachosababisha kifua kikuu. Yeye mwenyewe alieleza siku hiyo kwamba ugonjwa huo ulikuwa ukiua mtu mmoja kati ya kila watu saba. Wengi waliuona kuwa ugonjwa wa ukoo, unaorithiwa kutoka kwa wazazi. Mawazo ya namna hiyo si mageni kwetu, kwani hata leo ziko familia zinazoficha kikohozi zikidhani ni laana au ni mkono wa mtu.

Koch hakufika na maneno matupu. Alileta hadubini zake na vioo zaidi ya 200 alivyoviandaa kwa mikono yake. Alieleza namna alivyovitia rangi vimelea hivyo ili vionekane, namna alivyovikuza nje ya mwili, na namna alivyovipandikiza katika simbilisi nao wakaugua ugonjwa uleule. Alipomaliza, ukumbi ulikaa kimya. Hakuna aliyesimama kumpinga. Kisha wasikilizaji wakaenda mezani, wakainama mmoja baada ya mwingine, wakatazama wenyewe. Mmoja wao alikuwa kijana Paul Ehrlich, ambaye baadaye alikuwa akisema kwamba jioni ile ilikuwa tukio kubwa kuliko yote katika maisha yake ya kisayansi. Katika mwaka uleule Ehrlich alibuni njia bora zaidi ya kuvitia rangi vimelea hivyo, na wengine wakaiboresha baada yake. Njia inayotumika hadi leo, ambayo huonyesha vimelea vyekundu juu ya mandhari ya buluu, imetokana na mnyororo huo.

Ni kwa sababu ya jioni hiyo kwamba tarehe 24 Machi huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Koch alitoa ushahidi wake wote mezani, na kwa kuutoa aliwapa wengine nafasi ya kuukagua na kuuendeleza.

Mgeni asiyejua lugha ya wenyeji, 1889

Tukio la pili lilitokea pia Berlin, mwezi Oktoba 1889, katika mkutano wa Chama cha Anatomia cha Ujerumani. Alifika hapo Mhispania mmoja aliyeitwa Santiago Ramón y Cajal, mwalimu wa chuo kikuu huko Barcelona. Karibu hakuna aliyemfahamu. Makala zake alizichapisha kwa Kihispania katika jarida aliloligharamia mwenyewe, na wakubwa wa fani hiyo hawakuwa wakisoma Kihispania. Naye hakujua Kijerumani. Alijikongoja kwa Kifaransa.

Cajal alikuwa akitumia njia ya kutia rangi seli za ubongo iliyogunduliwa mwaka 1873 na Mwitaliano Camillo Golgi. Golgi na wengi wa wakati wake waliamini kwamba nyuzi za neva zimeungana zote kuwa wavu mmoja usiokatika. Cajal aliona tofauti: kila seli inajitegemea, na ncha zake hukaribia seli nyingine bila kuungana nayo. Alichukua hadubini yake na vioo vyake, akasafiri kwa gharama yake mwenyewe, akaviweka mezani ukumbini, akaanza kuwavuta watu waje watazame. Miongoni mwa waliokuja alikuwemo Albert von Kölliker, mzee aliyeheshimika kuliko wote katika fani hiyo. Alitazama, akasadiki, akawa mtetezi wake. Baadaye Kölliker alijifunza Kihispania ili aweze kusoma kazi za Cajal.

Mwaka 1906 Golgi na Cajal walipewa kwa pamoja Tuzo ya Nobel. Hata hivyo, katika hotuba yake ya kupokea tuzo, Golgi aliendelea kumpinga mwenzake. Watu wawili waliotumia njia ileile, wakatazama vitu vya aina ileile, walitofautiana hadi siku ya heshima yao kuu. Katika miaka ya 1950, hadubini ya elektroni ilionyesha waziwazi mwanya mwembamba uliopo kati ya seli moja ya neva na nyingine, na hoja ya Cajal ikathibitika.

Tukio hili linatufundisha kwamba jicho halioni peke yake. Mtu hutazama akiwa tayari na mawazo yake kichwani, na mawazo hayo yanaweza kumfanya aone wavu mahali pasipo na wavu. Ndiyo maana jicho la pili ni la lazima, hasa jicho la mtu asiyekubaliana nasi.

Palipokosekana uwazi

Tungependa habari ziishie hapo, lakini historia haituruhusu. Mwezi Agosti 1890, katika Mkutano wa Kimataifa wa Tiba uliofanyika Berlin, Robert Koch yuleyule alitangaza kwamba amepata dutu inayozuia ukuaji wa vimelea vya kifua kikuu. Safari hii hakueleza ilivyotengenezwa, aliifanya siri. Kwa kuwa jina lake lilikuwa kubwa, wagonjwa kutoka pande nyingi walimiminika Berlin. Dawa hiyo, iliyoitwa tuberkulini, haikuponya. Wengine walizidiwa, wengine wakafa, na uchunguzi wa maiti uliofanywa na Rudolf Virchow ulionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa umesambaa. Mapema mwaka 1891 ndipo Koch alipoeleza kwamba tuberkulini ilikuwa mchujo wa vimelea vyenyewe katika gliserini. Baadaye ilifaa kwa kupimia maambukizi, lakini tiba haikuwa.

Mtu alikuwa mmoja na mji ulikuwa mmoja. Mwaka 1882 wenzake waliweza kukagua kila hatua. Mwaka 1890 waliombwa kuamini jina. Tofauti hiyo ililipwa kwa maisha ya wagonjwa.

Tukio jingine linatugusa sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1906 na 1907 Koch alikuwa katika visiwa vya Sese, upande wa Uganda wa ziwa Victoria, wakati malale ilipokuwa ikiangamiza wenyeji. Aliwatibu kwa dawa yenye aseniki iliyoitwa atoksili. Chini ya hadubini matokeo yalikuwa ya kutia moyo, kwani vimelea vilitoweka. Lakini baada ya muda vilirudi, dozi ikaongezwa, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Hadubini ilionyesha kwa usahihi kilichokuwa ndani ya tone. Haikuonyesha mtu mzima aliyetoa tone hilo. Picha inaweza kuwa ya kweli na bado isiwe ukweli wote. Wagonjwa wale wa Sese hawakuitwa kwenye mkutano wowote kueleza maumivu yao, na kunyamazishwa kwao ni sehemu ya kosa hilo.

Mikutano ya siku zetu

Hadubini ya mwanga ina mpaka wake. Mwaka 1873 Ernst Abbe alieleza kwamba haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kupita nusu ya urefu wa wimbi la mwanga, yaani takriban sehemu mbili za kumi za elfu moja ya milimita. Mwaka 1931 Ernst Ruska na Max Knoll walijenga Berlin chombo cha kwanza kinachotumia elektroni badala ya mwanga, na hivyo kufungua njia ya kuvuka mpaka huo. Vyama vya kitaifa vya wataalamu wa chombo hicho vilifuata: Marekani mwaka 1942, na Kusini mwa Afrika mwaka 1962. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2017 ilitolewa kwa njia ya kugandisha molekuli kwa ubaridi mkali na kuzipiga picha kwa elektroni. Kwa njia hiyo, mapema mwaka 2020, umbo la mwiba wa kirusi cha korona lilifahamika ndani ya wiki chache, na ufahamu huo ukasaidia katika kazi ya chanjo.

Lakini kadiri vyombo vinavyokuwa na nguvu, ndivyo picha inavyozidi kuwa mbali na jicho la kawaida. Picha nyingi za leo hujengwa na kompyuta kutokana na vipimo maelfu kwa maelfu. Kwa sababu hiyo mikutano hutenga muda wa kujadili uadilifu wa taswira. Kanuni zake ni rahisi kueleweka. Mtafiti anaruhusiwa kuongeza mwangaza wa picha nzima kwa usawa, lakini haruhusiwi kufuta doa linalopingana na hoja yake. Sharti aweke mstari wa kipimo unaoonyesha ukubwa halisi. Sharti ahifadhi picha asilia kama ilivyotoka kwenye chombo, ili anayetaka kukagua aipate. Na asichukue picha moja akaitumia kana kwamba ni ya majaribio mawili tofauti.

Kanuni hizi hazikutungwa bure. Mwaka 2016 Elisabeth Bik na wenzake wawili walitangaza matokeo ya kukagua makala 20,621 za kitabibu kutoka majarida 40. Katika asilimia 3.8 ya makala hizo walikuta picha zilizorudiwa isivyofaa, na angalau nusu ya hizo zilikuwa na dalili za kufanywa kwa makusudi. Bik alizikagua picha hizo kwa macho yake mwenyewe. Leo, ambapo akili unde inaweza kutunga picha ya seli ambayo haijawahi kuwepo, kazi ya wakaguzi wa namna hiyo ni ngumu maradufu. Tunafundishwa katika amri ya nane kutomshuhudia mwenzetu uongo. Picha ya kisayansi nayo ni ushahidi. Anayeipotosha hamdanganyi mhariri wa jarida tu, bali pia mgonjwa ambaye miaka kadhaa baadaye atapewa dawa kwa kuutegemea ushahidi huo.

Mama yule na makohozi yake

Turudi sasa nyumbani. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma. Kwa msaada wa daktari Karel Styblo, mpango huo ulijengwa juu ya jambo jepesi: kupima makohozi kwa hadubini karibu na wananchi, kutoa dawa chini ya uangalizi, na kuandika matokeo ya kila mgonjwa. Mafanikio yake yalilifanya Shirika la Afya Duniani, katika miaka ya 1990, kuueneza utaratibu wa aina hiyo katika nchi nyingi. Tuna haki ya kujivunia jambo hilo.

Hata hivyo ni vema tujue mipaka ya kipimo hicho. Ili vimelea vionekane kwa hadubini, lazima viwepo takriban 5,000 hadi 10,000 katika kila mililita ya makohozi. Watoto na watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI mara nyingi huwa na vichache kuliko hivyo, ingawa wanaumwa kweli. Kumbe, jibu kwamba vimelea havikuonekana si sawa na kusema kwamba ugonjwa haupo. Ndiyo sababu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo cha GeneXpert, kinachotafuta vinasaba vya kimelea na kutoa jibu kwa takriban saa mbili, na ndiyo sababu daktari anaweza kuagiza pia picha ya eksirei. Mgonjwa anayeambiwa arudi kupimwa tena asidhani kwamba anasumbuliwa. Ndiyo ile kazi ya jicho la pili tuliyoieleza.

Kwa mwaka 2023, Shirika hilo lilikadiria kwamba watu milioni 10.8 duniani waliugua kifua kikuu, na milioni 1.25 walifariki kwa ugonjwa huo, ingawa una tiba. Basi tunawaomba waamini mambo matatu. Kwanza, yeyote mwenye kikohozi kilichodumu wiki mbili au zaidi, aende akapimwe mapema. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali. Pili, aliyeanza dawa azimalize, hata akijisikia amepona mwezi wa pili, kwani vimelea vilivyobaki hujifunza kuishinda dawa. Tatu, jumuiya zetu zisimtenge mgonjwa. Anayemeza dawa ipasavyo huacha kuambukiza mapema, lakini aliyeogopa kutengwa hujificha, naye huendelea kuambukiza nyumba nzima.

Wapo pia katika parokia zetu vijana wa kike na wa kiume wanaofanya kazi maabara. Kazi yao haionekani altareni wala sokoni. Huinama saa nyingi juu ya vioo, na jina lao halimo kwenye cheti cha mgonjwa aliyepona. Tunawatia moyo waendelee kuandika walichokiona, si walichotarajiwa kukiona, na wasione haya kumwita mwenzao aje atazame pale wanaposita. Mama anayesubiri majibu kwenye benchi hawezi kutazama mwenyewe. Anategemea kwamba kuna mtu aliyetazama kwa uaminifu kwa niaba yake.